Nani Anaila Boti ya Alumini?

Msomaji mmoja anayeishi Minnesota, Marekani, ameniletea swali ambalo kwa juujuu linahusu rangi. Amenunua boti ya alumini ya kuvulia, ya zamani, kwa bei ya kutupa. Aliyemuuzia alikuwa ameitengeneza kidogo: aling'oa sakafu iliyooza, akaweka mbao mpya zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijanikijani ambazo mchwa haziwezi. Sasa pembezoni mwa mbao hizo umechomoza unga mweupe, na ukiufuta unakuta vishimo ambavyo ncha ya kalamu inazama ndani. Anataka kujua apake rangi gani.

Asipake chochote kwanza. Ang'oe mbao. Matengenezo yale ndiyo yanayoila boti yake, na namna yanavyoila ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika kemia nzima, kwa hiyo naomba anistahimilie nikichelewa hapo.

Historia ya boti hizi ni fupi. Mwaka 1944, William Hoffman, makamu wa rais wa kampuni ya ndege ya Grumman, alichoka kubeba mtumbwi mzito wa mbao alipokuwa safarini katika milima ya Adirondack. Kampuni yake ilikuwa ikiunda ndege za kivita kwa mabati ya alumini yaliyokandamizwa na kuunganishwa kwa ribiti, ile misumari ya kugongwa kichwa pande zote mbili. Vita ilipoelekea kwisha mwaka 1945, mashine zilezile na mafundi walewale walianza kutoa mitumbwi. Wengine wakafuata, na leo katika maziwa ya Marekani na Kanada boti ya alumini yenye umri wa miaka 50 au 60 ni kitu cha kawaida.

Inawezaje kudumu hivyo ilhali alumini ni metali yenye papara ya kuungana na oksijeni kuliko chuma? Inadumu kwa sababu ya papara hiyohiyo. Ukiikwaruza, mkwaruzo unafunikwa papo hapo na utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Mwaka 1923 Pilling na Bedworth walieleza kwa nini utando huu unafaa: oksaidi ya alumini huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko alumini iliyoizaa, takriban mara 1.28, hivyo inaenea juu ya metali na kukaza bila mwanya. Kutu ya chuma hutanuka kupita kiasi, ikabanduka na kukiacha chuma wazi kiliwe tena. Utando wa alumini haubanduki. Unachoogopa ni maji yenye asidi kali au magadi makali. Ukitaka kuuona ukishindwa, pika maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini uone inavyofifia na kuwa nyeusi ndani. Kwa hiyo boti haioshwi kwa soda kali ya kufungulia mabomba, hata kama uchafu ni wa miaka.

Sasa tuingie penyewe.

Chukua nyumba wanayokaa ndugu wawili. Alumini ni yule asiyeweza kukaa na fedha mkononi: akiwa nazo, anatoa. Shaba ni yule asiyetoa hata thumni, ila mkono wake wa kupokea hauchoki. Kila mmoja akikaa kwake hakuna neno. Balaa huanza wakikaa pamoja, na hata hapo yanahitajika mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni mlango kati ya vyumba vyao, yaani mahali ambapo metali hizo mbili zinagusana. Fedha, ambazo ni elektroni, hupita hapo kutoka kwa alumini kwenda kwa shaba. La pili ni ua mmoja wa nyuma wanaoutumia wote wawili, na ua huo ni maji. Kila atomu ya alumini inayotoa elektroni zake tatu haina tena cha kuishikilia ukutani. Inatoka kama ioni na kuingia uani. Upande wa pili, shaba haiziweki akiba elektroni ilizopewa. Oksijeni iliyoyeyuka majini inazisubiri pale mlangoni kwa shaba, inazichukua, na pamoja na maji inageuka kuwa haidroksidi. Haidroksidi hiyo na zile ioni za alumini hukutana uani na kutulia. Unga mweupe alioufuta msomaji wetu kwa kidole ndio huo: haidroksidi ya alumini, sehemu ya boti iliyokwisha kuondoka.

Tazama pia kwamba ndugu mpokeaji hapungui hata chembe. Shaba inayogusana na alumini majini hukaa salama kuliko ingekuwa peke yake, kwa sababu mwenzake anailipia. Na tazama jinsi biashara yote inavyosimama ukifunga mlango au ukikausha ua. Ukiweka plastiki kati ya metali mbili, elektroni hazina pa kupita hata boti ikilala majini mwaka mzima. Ukiacha zigusane lakini ukahakikisha pamekauka, ioni hazina pa kwenda. Karibu kila kazi ya kufufua boti ya alumini ni moja kati ya hizo mbili.

Kuna kanuni nyingine inayotokana na nyumba hii, ambayo hata mafundi wazoefu huipuuza: idadi ya watoaji dhidi ya wapokeaji. Boliti ndogo ya chuma kisichoshika kutu katika bati kubwa la alumini haina madhara makubwa, maana mpokeaji ni mdogo na mzigo wake unagawanywa kwa watoaji wengi. Geuza uone: ribiti ndogo ya alumini katika bamba kubwa la shaba au la chuma hicho. Hapo wapokeaji wote wanamkamua mtoaji mmoja, naye humalizika upesi. Ndiyo maana ukiwa na rangi ya kutosha metali moja tu, upake ile inayopokea, si ile inayoliwa. Watu hufanya kinyume, wakiihurumia alumini. Kumbe ukiifunika alumini yote na kuiacha shaba wazi, kila mkwaruzo mdogo kwenye rangi unakuwa mtoaji pekee wa nyumba nzima, na tundu huchimbika hapo kwa kasi ambayo boti isiyo na rangi isingeijua.

Somo hili lililipiwa ghali zamani. Mwaka 1895, Nathanael Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, alitaka jahazi jepesi la kutetea Kombe la Amerika, lile la mashindano ya majahazi. Akaliundia mataruma ya feleji, mabamba ya aloi ya shaba chini ya maji, na ya alumini juu yake. Jahazi hilo, Defender, lilimshinda Valkyrie III wa Waingereza mwaka huohuo. Lakini Herreshoff alikuwa amewaweka watoaji na wapokeaji katika nyumba moja, na ua wao ni maji ya chumvi ya Atlantiki. Alumini ikaanza kuliwa. Lilifanyiwa matengenezo mwaka 1899 ili litumike kulijaribia jahazi jipya, na mwaka 1901 likavunjwa. Lilikuwa limeishi miaka sita.

Turudi kwenye mbao za msomaji wetu, maana anaweza kuniuliza: shaba iko wapi katika sakafu ya mbao? Imo ndani yake. Dawa inayozuia kuvu na mchwa katika mbao hizo ni shaba. Hadi mwisho wa mwaka 2003 mbao za nyumbani Marekani zilitiwa mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Baada ya hapo wenye viwanda walihamia dawa zisizo na aseniki, ambazo nyingi zina shaba zaidi. Mbao zikilowa, ioni za shaba huchuruzika hadi kwenye alumini. Zikifika zinanyang'anya elektroni papo hapo na kugeuka shaba halisi, vitone vidogo visivyoonekana kwa macho vilivyojipandikiza juu ya bati. Kila kitone ni mpokeaji mpya, amekwisha kugusana na alumini, na maji yako juu yake. Hakuna plastiki unayoweza kupenyeza chini ya kitone kama hicho. Mwenye boti anadhani ameweka sakafu. Amepanda maelfu ya betri ndogo.

Ukishaelewa hivyo unaanza kuona shaba kila mahali. Sarafu ya senti ya Marekani ya kabla ya 1982 ilikuwa shaba kwa asilimia 95. Ikidondoka ngamani, kwenye maji machafu yasiyokauka, inaweza kutoboa boti. Chubwi za risasi zinazosahauliwa chini ya sakafu nazo ni wapokeaji. Viungo vya shaba ya njano vya bomba la mafuta, vivyo hivyo. Rangi ya chini ya boti yenye shaba, inayouzwa ili mwani usiote, haifai kabisa kwenye alumini. Hata penseli: mkaa wake ni grafiti, na grafiti hupokea elektroni kwa pupa kuliko shaba. Mafundi wa ndege wamekatazwa kuchora alama kwa penseli kwenye mabati ya alumini, na mwenye boti ajikataze pia. Usisugue kwa steliwaya ya kawaida, maana vipande vyake hubaki vimekwama ndani ya alumini. Tumia msasa na brashi ya nailoni.

Dawa ya tatizo hili inatumia hesabu ileile, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kama mtoaji hawezi kuachishwa kutoa, mlete mtoaji mkubwa kuliko yeye. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko alumini, na magnesi kwa wepesi kuliko zinki. Ukiifunga tofali ya magnesi kwenye boti, ikagusana vizuri na metali, wapokeaji wote watalishwa na tofali hiyo, na alumini itapumzika hadi tofali iishe. Vitabu vinaiita anodi. Mimi naiita kafara, maana kazi yake ndiyo hiyo hasa: kinachotolewa ili balaa limpite mwenye nyumba. Na kafara haipakwi rangi. Ukiipaka umeizuia isitoe.

Humphry Davy alilijua jambo hili tangu 1824, alipolishauri Jeshi la Wanamaji la Uingereza lifunge vipande vya chuma au zinki kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli zake. Shaba iliacha kuliwa mara moja. Basi mwani na viumbe vya gamba vikaota kwa wingi hadi meli zikawa nzito kwenda, kwa kuwa shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogokidogo ndiyo iliyokuwa sumu yao. Kemia yake haikuwa na kosa hata moja, na bado vipande vikaondolewa.

Kwa boti ya ziwani huko Minnesota, magnesi ndiyo inayofaa, kwa sababu maji baridi hayapitishi umeme vizuri na zinki hulala humo. Boti hiyohiyo ikipelekwa baharini, magnesi itoke, kwani huko inatoa kwa nguvu mno hadi kuzalisha magadi yanayoila alumini. Maji baridi pia hufanya ulaji wote uende polepole kuliko baharini, ila barabara za Minnesota humwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi hiyo hurukia boti iliyo juu ya trela.

Kazi zilizobaki ni za nyundo na jasho. Ng'oa sakafu, zulia lililolowa, na povu gumu la kuifanya boti ielee, lililonyonya maji, maana chini yake maji hukaa bila oksijeni na utando hauwezi kujirudisha. Sugua unga wote hadi metali ing'ae. Boti ikiwa kwenye trela, tia maji ndani kimo cha vidole vichache, kisha pita chini yake na chaki ukizungushia kila ribiti inayodondosha. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili, mmoja akishika chuma kizito upande mmoja na mwenzake akigonga upande wa pili; iliyokufa hung'olewa ikawekwa nyingine ya alumini. Usikimbilie kuchomelea: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na utando wake kwenye nyuzi 2,072, hivyo fundi asiye na mashine yake na mazoezi yake hutoboa bati kabla utando haujalegea. Mbao mpya ziwe plaiwudi ya baharini isiyotiwa dawa ya shaba, zifunikwe kwa epoksi pande zote na kingo zote, na hasa ule ubao wa tezi unaobeba injini. Kila boliti iwe na washa ya nailoni na gundi ya kuzuia maji. Vumbi la mbao za zamani zenye aseniki usilivute, na mabaki yake usiyachome moto.

Rangi ndiyo ya mwisho, juu ya praima ya alumini, na si lazima. Boti nyingi za aina hii zimevua miaka 50 bila rangi yoyote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hali yako si mbaya. Vishimo visivyotoboka havina neno. Vilivyotoboka vinazibika kwa kiraka cha alumini na ribiti. Msimu wa kuvua samaki aina ya walleye kwenu hufunguliwa Mei, na muda unao. Zitoe mbao hizo sasa, na boti ilale kavu mpaka utakapopata mbao nyingine.