Picha chini ya maji: Mzamiaji mgeni atangulize pumzi, kamera ifuate

KWA mkazi wa Ng'ambo mjini Tabora, bahari iko mbali, lakini ziwa la pili kwa kina duniani liko mwisho wa reli. Njia ya kale ya misafara iliyopitia Tabora kuelekea Ujiji, pamoja na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, zote huishia Ziwa Tanganyika.

Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 na zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wengi huishi kando ya miamba, mahali ambapo mwanga wa jua bado unafika, hivyo mpiga picha hahitaji kwenda chini sana.

Hata hivyo, kamera imewaponza wazamiaji wengi wageni. Anayetazama kioo cha kamera husahau kutazama kipimo cha hewa, kina alichofikia na mwenzake. Hatari kubwa zaidi ni kuzuia pumzi ili mkono usitikisike. Hewa iliyovutwa kutoka kwenye mtungi katika kina cha mita 10 hutanuka karibu maradufu mtu anapopanda juu, na aliyeibana kifuani anaweza kupasuka mapafu. Kanuni ya kwanza ni kupumua mfululizo, hata kama picha itaharibika.

Kwa sababu hiyo, mzamiaji ajifunze kwanza kutulia majini bila kuzama wala kupanda, ndipo ashike kamera. Cheti cha awali humruhusu kufika mita 18 tu. Aliyefunzwa Unguja, Pemba au Mafia akumbuke pia kwamba maji baridi ya ziwani humwelesha mtu kidogo kuliko maji ya chumvi, hivyo apunguze vipande vya risasi kiunoni.

Aidha, ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300, uzamiaji huhesabiwa kuwa wa nyanda za juu, na jedwali la muda lililotengenezwa kwa ajili ya bahari halitumiki bila kurekebishwa. Tabora yenyewe iko juu zaidi, takriban mita 1,200. Kwa hiyo anayerejea huko, kwa ndege au kwa gari, apumzike kwanza. Kwa usafiri wa ndege, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizo moja, na saa 18 baada ya mbizo kadhaa.

Kuhusu picha zenyewe, maji humeza rangi. Nyekundu hutangulia kufifia katika mita chache za mwanzo, kisha rangi ya machungwa na manjano, na mwishowe kila kitu huonekana cha buluu au kijani. Dawa yake ni kumkaribia samaki hadi chini ya mita moja na kutumia flashi. Flashi hiyo ielekezwe kutoka ubavuni, kwani ikiwekwa juu ya lenzi humulika chembe za tope na kuijaza picha madoa meupe.

Kasha la kamera hulindwa na mpira mdogo wa duara. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake hutosha kuingiza maji. Mpira huo usafishwe na kukaguliwa kabla ya kila mbizo, kisha kasha lijaribiwe ndani ya ndoo ya maji likiwa tupu.

Mahali pa kuzamia pachaguliwe kwa kuwauliza wenyeji, maana ziwa lina mamba na viboko, na kwenye fukwe tulivu kuna kichocho. Katika hifadhi za Gombe na Mahale, kibali hutakiwa.

Mwisho, samaki waheshimiwe. Sikilidi wengi hubeba mayai na vifaranga kinywani, na mama anayefukuzwa na kamera anaweza kuwatema. Wengine huishi ndani ya makombe matupu ya konokono, hivyo kulichukua kombe moja ni kumvunjia samaki nyumba.

Jambo hili linaihusu Tabora pia. Mto Ugalla humwaga maji yake katika Malagarasi, unaoingia ziwani kusini mwa Kigoma. Picha ya mwamba uliofunikwa tope, ikiwekewa tarehe na mahali, ni ushahidi ambao mtu wa nchi kavu hawezi kuupata kwa njia nyingine.