Ulimi Uliohukumiwa Arusha

Huku Olbalbal mchungaji hutoka malishoni na redio ndogo, na asemaye humo huaminiwa kama mzee wa boma. Ndiyo maana tunamkumbuka Georges Ruggiu, aliyehukumiwa Arusha, mwendo wa siku moja kutoka kwetu kupitia Karatu. Silaha yake ilikuwa kipaza sauti.

Mbelgiji huyu alijiunga na redio RTLM ya Kigali Januari 1994. Alitangaza kwa Kifaransa, akiwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende, huku redio hiyo ikihubiri njama za kurejesha utawala wa zamani. Ndege ya Rais Habyarimana ilipodunguliwa tarehe 6 Aprili, RTLM ilieneza kwamba Wabelgiji ndio waliohusika (naye ni Mbelgiji!). Kesho yake askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliuawa.

Alikamatwa Mombasa Julai 1997, akiwa amesilimu na kuitwa Omar. Wapo waliosema amejificha nyuma ya dini. Sisi hatukuupasua moyo wake. Tulijualo ni kwamba Mei 2000 alikiri makosa, akapewa miaka 12, kisha akasimama kutoa ushahidi dhidi ya wenzake. Mwaka 2008 alihamishiwa gereza la Italia. Mwaka uliofuata akaachiwa, kabla ya muda wake kwisha.