Waliohamishiwa Barafuni

Meli ya shehena ikitokeza mlangoni mwa Scoresby Sund, mashariki mwa Greenland, mji wa Ittoqqortoormiit hupata unga, mafuta, mbao na risasi za mwaka mzima. Barafu ya bahari huiachia njia majira mafupi tu ya kiangazi. Wakati mwingine kuna ndege inayotua Nerlerit Inaat, kilomita 40 hivi kutoka mjini, kisha helikopta humalizia safari.

Mji huu ulizaliwa na siasa. Mwaka 1925 Ejnar Mikkelsen, mvumbuzi wa Denmark, aliwaleta kwa meli Wainuiti (wenyeji wa Greenland) wapatao 80, wengi wao kutoka Ammassalik, mamia ya kilomita kusini. Kule mawindo yalikuwa yakiadimika, hilo ni kweli. Lakini Denmark iliogopa zaidi kwamba Norway ingeitwaa pwani hii isiyo na watu. Na ni Wanorway waliomwokoa Mikkelsen mwaka 1912, baada ya kukwama kama miaka miwili kwenye pwani hiyohiyo! Mwaka 1931 Norway ikatwaa kweli eneo la kaskazini mwa mji; miaka miwili baadaye mahakama ya kimataifa ya The Hague ikaipa Denmark haki.

Mimi siwezi kuwaita watu hawa vigingi vya mpaka. Walikuta magofu ya Wainuiti wa kale, na sili, dubu na nyangumi tele, wakajenga maisha. Hadi leo mwindaji akishuka barafuni na mbwa wake hushika fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, akigonga mbele kabla ya kukanyaga. Ncha ikizama, hugeuza njia.

Siku hizi barafu huchelewa kuganda na huwahi kuvunjika. Wanasayansi wanataka uwindaji wa narwhal, nyangumi mwenye jino refu kama mkuki, usimame kabisa upande huu, wakisema idadi yake imepungua. Wawindaji wanapinga, wakisema wao ndio wanaowaona majini. Mji nao unapungukiwa watu: katikati ya miaka ya 2000 wakazi walizidi 500. Sasa ni kama 350. Vijana huenda mbali kusoma, na wengi hubaki hukohuko.

Nawaamini wanasayansi kuhusu idadi ya narwhal. Lakini anayemkataza mwindaji amwonyeshe kwanza atalisha wanawe nini, kwa maana bidhaa za dukani zinataka fedha, na ajira hapa ni chache mno.