Mfano Mdogo wa Ndege ya Jeti: Somo la Skeli, Kemia na Mizani

Watu wengi wakiuona mfano mdogo wa ndege juu ya rafu hudhani kuwa ni kitu cha kuchezea watoto. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Mtu anayeunda mfano kamili wa ndege ya jeti hukabiliana na maswali yale yale ya hesabu, ya kemia na ya fizikia yanayofundishwa katika shule za sekondari. Tena hukabiliana nayo katika hali ambayo jibu lisilo sahihi huonekana waziwazi kwa macho. Madhumuni ya makala haya ni kueleza maswali hayo na namna yanavyojibiwa. Hasa tutaeleza kwa nini waundaji hodari hawatosheki na vipande vinavyotoka katika seti ya kiwandani, bali huongeza vipande vingine vilivyotengenezwa mahali pengine kwa njia nyingine.

Ili maelezo yetu yasiwe ya jumla mno, tutachukua ndege moja tu iwe kielelezo.

Ndege tuliyoichagua

Ndege ya MiG-21 ilibuniwa katika Umoja wa Kisovieti, na ndege za kwanza za majaribio ziliruka katikati ya miaka ya 1950. Zaidi ya 10,000 ziliundwa, nazo zilitumiwa na majeshi ya nchi nyingi za Ulaya, Asia na Afrika. Uganda ilikuwa nazo katika miaka ya 1970, na India iliziondoa za mwisho katika jeshi lake la anga mwaka 2025. Umbo lake hutambulikana kwa urahisi: kiwiliwili kama bomba, mabawa ya pembetatu, na mdomo wa kuvutia hewa uliopo puani. Katikati ya mdomo huo imo koni inayosogea mbele na nyuma, ili kuyaweka mahali panapofaa mawimbi ya mshtuko yanayotokea wakati ndege inaporuka kwa kasi iliyozidi ile ya sauti.

Mwaka 2011 kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki ilitoa seti ya plastiki ya ndege hiyo kwa skeli ya 1/48. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1989, na ilijipatia sifa kwanza kwa kutengeneza vipande vya nyongeza vya bati jembamba la shaba. Jeshi la Chekoslovakia lilitumia ndege za MiG-21, na hata leo zimo katika jumba la makumbusho ya ndege la Kbely, mjini Praha, ambako mtu aweza kuzitazama kwa karibu.

Maana ya skeli

Skeli ni uwiano wa urefu wa mfano kwa urefu wa kitu chenyewe. Skeli mbili zilizoenea zaidi katika ndege zilitokana na vipimo vya Kiingereza: 1/72, yaani inchi 1 kwa kila futi 6, na 1/48, yaani robo inchi kwa kila futi 1. Skeli ya 1/72 ilienea Uingereza katika miaka ya 1930, na ndiyo iliyotumiwa katika mifano ya ndege ya plastiki ya FROG Penguin iliyotokea mwaka 1936.

Upana wa MiG-21 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni meta 7.15 hivi. Tukigawa milimita 7,150 kwa 48 tunapata milimita 149. Kwa skeli ya 1/72 tunapata milimita 99 tu. Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Lakini eneo halipungui kwa kiasi kile kile cha urefu. Urefu ukigawanywa kwa 48, eneo hugawanywa kwa 48 kipeo cha pili, yaani 2,304. Na ujazo hugawanywa kwa 48 kipeo cha tatu, yaani 110,592. Ndege halisi ikiwa na tungamo la tani 8 pamoja na mafuta, mfano wake wa 1/48 uliojengwa kwa densiti ile ile ungekuwa na gramu 72 tu. Kanuni hii ndiyo inayoeleza kwa nini mende huanguka kutoka darini bila kuumia, lakini ng'ombe hawezi.

Mwundaji huitumia hesabu ya skeli kwa kuigeuza pia. Kila kosa la milimita 1 katika mfano wa 1/48 ni sawa na kosa la milimita 48 katika ndege yenyewe. Mfereji wenye upana wa milimita 0.2 uliochorwa juu ya bawa kuonyesha mahali mabati mawili yanapokutana ungekuwa ufa wa karibu milimita 10 katika ndege halisi. Rangi yenye unene wa milimita 0.05 ingekuwa gamba la milimita 2.4. Kwa sababu hiyo mwundaji mwangalifu hupuliza rangi nyepesi tabaka kwa tabaka, wala haipaki kwa wingi.

Mipaka ya kalibu ya chuma

Vipande vya seti ya kiwandani hutengenezwa kwa polistirini. Plastiki hiyo huyeyushwa kwa joto, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Ikisha kupoa, pande hizo huachana na vipande hutolewa. Njia hii ni nzuri kwa kuwa kalibu moja yaweza kutoa maelfu ya seti zinazofanana. Walakini ina mipaka mitatu.

Kwanza, kwa kuwa chuma hakipindiki, kipande lazima kiwe na umbo linaloweza kutoka katika kalibu bila kunasa. Tundu lililo ubavuni, au mkunjo ulioingia ndani, hauwezekani bila ya kalibu yenye sehemu za ziada za kuteleza, ambayo gharama yake ni kubwa. Pili, plastiki iliyoyeyuka haipiti vizuri katika nafasi nyembamba mno. Kipande chenye unene wa milimita 1 kinawakilisha unene wa milimita 48, hali bati la ndege lina milimita chache tu. Tatu, vitu vidogo kama mikanda ya kiti cha rubani, swichi na mabomba ya mafuta hutokea kama vivimbe visivyo na umbo la hakika. Mipaka hii haitokani na uvivu wa mtengenezaji, bali na tabia ya maada na njia iliyotumika. Ndipo vinapoingia vipande vya nyongeza.

Aina za vipande vya nyongeza

Aina ya kwanza ni vipande vya bati lililochongwa kwa kemikali. Bati la shaba ya manjano, ambayo ni aloi ya shaba na zinki, lenye unene wa milimita 0.1 au 0.2, hupakwa dawa inayoguswa na mwanga. Mchoro huwekwa juu yake na kuangazwa. Dawa ikisha kusafishwa, baadhi ya sehemu za bati hubaki zimekingwa na nyingine hubaki wazi. Bati hutiwa katika mmumunyo wa kloridi ya feri, nao huyeyusha shaba katika sehemu zilizo wazi. Mmenyuko wenyewe waweza kuandikwa ubaoni: Cu + 2FeCl₃ → CuCl₂ + 2FeCl₂. Bati likiangazwa upande mmoja tu mahali fulani, huliwa hadi nusu ya unene wake, na hapo hupatikana mstari wa kukunjia. Kwa njia hii hupatikana mikanda ya kiti, vipando vya vyombo na kingo nyembamba. Kipande cha milimita 0.1 ni sawa na milimita 4.8 katika ndege halisi, jambo ambalo ni karibu zaidi na ukweli.

Aina ya pili ni vipande vya rezini. Fundi hutengeneza kipande cha asili kwa uangalifu mkubwa, hukizungushia mpira wa silikoni ulio majimaji, na mpira ukisha kuganda hukitoa. Rezini ya poliurethani humiminwa katika nafasi iliyobaki. Kwa kuwa mpira hunyumbulika, mikunjo ya ndani haizuii kipande kutoka; ndiyo maana kiti cha rubani au mdomo wa kutolea gesi wa rezini huwa na undani usiopatikana katika plastiki. Lakini kalibu ya mpira huchakaa baada ya kutumiwa mara kadhaa, na rezini hunywea kidogo inapoganda. Kwa hiyo kipande chaweza kuwa kizuri sana kwa macho na bado kisiingie mahali pake. Kanuni ni moja: jaribu kukipachika kikiwa kikavu kabla ya kutia gundi.

Aina ya tatu ni vipande vya chuma vilivyokerezwa, kama vile bomba refu la kupimia kasi ya hewa linalochomoza mbele ya pua ya MiG-21. Bomba la plastiki jembamba kiasi hicho huvunjika kwa kuguswa tu. Katika miaka ya karibuni pia vimetokea vipande vinavyochapwa tabaka kwa tabaka kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta.

Kwa nini gundi moja haitoshi

Gundi ya polistirini kwa hakika ni kiyeyushi. Hulainisha nyuso mbili za plastiki, molekuli ndefu za upande mmoja huingiliana na za upande wa pili, na kiyeyushi kikiisha kuvukizwa hubaki kipande kimoja. Ni kuunganisha kama kule kwa welding, ila bila moto. Rezini na shaba haziyeyuki katika kiyeyushi hicho, kwa hiyo gundi hiyo haizishiki. Hapo hutumika sianoakrileti, ambayo ilipatikana Marekani mwaka 1942 wakati wa utafiti wa Harry Coover na wenzake, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Gundi hii huganda kwa sababu unyevu mdogo uliopo juu ya vitu huanzisha kuungana kwa molekuli zake. Ngozi ya mwanadamu ina unyevu huo, na kwa hiyo vidole hushikamana upesi.

Usalama usipuuzwe. Vumbi la rezini hudhuru mapafu. Kipande kisuguliwe kwa msasa uliolowa maji, na mwundaji avae kitambaa cha kuziba pua. Viyeyushi na rangi vitumiwe penye madirisha wazi, mbali na moto.

Suala la mizani

Ndege yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma hukaa vizuri ikiwa tu kitovu chake cha uzito kipo mbele ya magurudumu ya nyuma. Mfano wa plastiki hauna injini wala mitambo, hivyo kitovu chake chaweza kuwa nyuma mno, nao ukakaa kwa mkia. Hapa kanuni ya wenzo hutusaidia, magurudumu ya nyuma yakiwa egemeo.

Tuseme mfano una gramu 60, na kitovu chake kipo milimita 8 nyuma ya egemeo. Momenti yake ni 60 × 8, yaani 480. Tukiweka risasi ndani ya koni ya puani, milimita 120 mbele ya egemeo, tunahitaji 480 ÷ 120, yaani gramu 4 ili kusawazisha. Sasa mwundaji anaongeza mdomo wa gesi wa rezini wenye gramu 5, milimita 96 nyuma ya egemeo. Momenti inayoongezeka ni 5 × 96, yaani 480 nyingine, na risasi inayotakiwa inakuwa gramu 8 badala ya 4. Kwa usalama ataweka gramu 10 au zaidi. Hesabu hii lazima ifanywe kabla ya kiwiliwili kufungwa, kwani baada ya hapo koni haifikiki tena.

Undani si ukweli

Tumefikia jambo lililo zito kuliko yote. Kila kipande kinachoongezwa ni dai juu ya ndege halisi, na dai huhitaji ushahidi. Katika MiG-21F-13, moja ya aina za mwanzo, kifuniko cha kioo cha rubani kilifunguka kuelekea mbele. Katika MiG-21MF, iliyofuata baadaye, kioo cha mbele hakisogei, na kifuniko hufunguka kuelekea upande wa kulia. Kiti cha rubani nacho ni kingine. Mtu akiweka kiti cha aina ya kwanza katika ndege ya aina ya pili, hata kama kiti hicho kimechongwa kwa ufundi wa ajabu, mfano wake umekuwa wa uongo zaidi kuliko ulivyokuwa na kiti cha plastiki kisicho na undani. Mwanafunzi anayeandika jibu lenye tarakimu sita baada ya nukta, hali alipima kwa rula ya kawaida, hufanya kosa la jinsi hiyo hiyo. Wingi wa undani hauwi usahihi mpaka chanzo chake kijulikane. Kwa hiyo mwundaji huanza kwa picha, michoro na vipimo vya ndege moja maalumu katika mwaka maalumu, na vipande huvichagua baadaye.

Vipande vya nyongeza ni ghali, na pengine bei yake hupita ile ya seti yenyewe. Lakini kipimo hakinunuliwi. Bati la mkebe wa soda lina unene wa karibu milimita 0.1, sawa na lile la vipande vya kiwandani, nalo hukatwa kwa mkasi na kuwa mikanda au kingo. Kijiti cha plastiki kilichobaki katika seti, kikipashwa moto kidogo juu ya mshumaa na kuvutwa, huwa uzi mwembamba unaofaa kuwa bomba au waya.

Mwalimu asiye na seti yoyote aweza kuanza na dawati la darasani. Wanafunzi walipime, wachague skeli, na wakokotoe unene wa ubao katika mfano. Kisha watafute maada iliyo nyembamba kiasi hicho. Watakapoikosa, watakuwa wamefika mahali pale pale anapofika kila mtengenezaji wa kalibu, na hapo ndipo mazungumzo juu ya maada na mipaka yake yanapoweza kuanza.