Ngurumo ya dirisha la paa: dawa iko dirisha la nyuma

Miaka ya karibuni yameongezeka mjini kwetu magari ya familia yenye dirisha juu ya paa, lile ambalo mafundi wa gereji huliita sanrufu. Mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakashushwa Bandari ya Dar es Salaam na kuletwa huku kwa barabara. Wenye magari hayo hulifurahia dirisha hilo, kwani joto la ndani hupanda juu na kutoka, na mafuta ambayo yangeliwa na kiyoyozi hubaki katika tangi. Kati ya Ujiji na Mwanga hakuna anayelalamika. Mwendo ni mdogo, na bajaji hazimwachii mtu nafasi ya kukimbia. Malalamiko huanza gari likishaipita Gungu na kuelekea Kidahwe, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ile ya Uvinza. Likishika mwendo wa kilomita 60 kwa saa au zaidi kidogo, linaanza kunguruma.

Tunasema kunguruma, wala hatusemi kuvuma, kwa makusudi. Upepo wa dirishani huvuma, na masikio huuzoea. Hii nyingine ni mapigo mazito yanayofuatana upesi, mithili ya ngoma kubwa inayopigwa nyuma ya kichogo. Huhisiwa kifuani na ndani ya masikio kuliko inavyosikika. Watoto wachanga hulia, na mwenye kuumwa kichwa huomba ashushwe.

Kamati ya msikiti wetu inalo gari moja la namna hiyo. Huwapeleka walimu vijijini kwenye darasa, huwachukua wazee kwenda Hospitali ya Maweni, na hubeba jamaa panapotokea msiba wa mbali. Siku moja lilikuwa likienda Kasulu kwa ajili ya suluhu. Nyumba moja ya vijana wetu ilikuwa ukingoni mwa kuvunjika, na wazee wanne, wawili wa upande wa mume na wawili wa upande wa mke, walitakiwa wakubaliane njiani nini kisemwe na nani aanze. Mmoja wao amebakiwa na sikio moja linalosikia vyema. Kila alipoambiwa neno alijibu jingine, na mzee wa upande wa pili akadhani anapuuzwa. Hatimaye yule mzee akamgusa dereva begani.

“Mwanangu, simamisha. Gari hili linanipiga. Nitangoja basi.”

“Niwie radhi, mzee wangu. Nikilifunga la juu mtateseka kwa joto, kiyoyozi chenyewe hakifanyi kazi.”

Ndani alikuwamo kijana fundi aliyeomba msaada wa usafiri. Hakuligusa dirisha la paa. Aliteremsha kioo cha mlango wa nyuma kiasi cha vidole vinne, akasema, “Twende, ustadhi.” Gari likashika mwendo ule ule na ngurumo haikurudi. Yaliyozungumzwa baada ya hapo ni amana ya waliokuwamo. Sisi tunaloweza kusema ni kwamba walizungumza, na kwamba walifika Kasulu wakiwa na kauli moja.

Wengi hustaajabu kusikia kwamba kelele za upepo hutibiwa kwa kufungua dirisha jingine. Anayestaajabu na achukue chupa tupu ya soda, aweke mdomo ukingoni mwa tundu lake na kupuliza kwa usawa. Chupa italia. Hewa iliyofungwa ndani hufanya kazi kama springi: pumzi inayopita juu ya tundu huibana, nayo hujitanua na kurudi, mara nyingi katika sekunde moja. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz (1821–1894) ndiye aliyeichunguza sana tabia hii, na wahandisi wameiita kwa jina lake hadi leo. Gari lenye tundu juu ya paa ni chupa kubwa mno, kwa hiyo mlio wake ni mzito sana, mapigo yapatayo 20 kwa sekunde, karibu na mpaka ambao chini yake sikio la mwanadamu halitambui tena kuwa ni sauti. Ukiteremsha kioo cha nyuma umeitoboa chupa. Hewa hupata pa kutokea, na springi hupoteza nguvu.

Kuongeza mwendo nako huweza kuikata ngurumo, kwa kuwa upepo huacha kulandana na mapigo ya hewa ya ndani. Hatumshauri mtu kuitafuta dawa hiyo. Afadhali alifunge dirisha la paa nusu, au aliinue ukingo wa nyuma tu ikiwa gari lake linaruhusu. Na penye barabara ya vumbi, vioo vyote vifungwe, maana uwazi wa nyuma hualika vumbi ndani.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Magari mengi ya aina hii yana kibao chembamba kwenye ukingo wa mbele wa tundu, ambacho huinuka chenyewe dirisha linapofunguka. Hicho ni kikinga upepo. Huurusha upepo juu ya tundu na kuuvunjavunja usipige kwa mpangilio. Gari likiwa na umri wa miaka 15, springi zake huchoka, mkono wake huvunjika, au vumbi hugandamana kwenye reli, na kibao hulala chini bila mwenye gari kujua. Gari likiwa limesimama, lifungue dirisha na ukibonyeze kibao kwa kidole. Ukikiachia kinatakiwa kirudi juu mara moja. Kisiporudi, reli zisafishwe kwa kitambaa na kupakwa grisi nyepesi isiyoharibu raba, kabla hujakubali kuuziwa spea.

Wapo wanaopambana na ngurumo kwa kupandisha sauti ya redio. Shirika la Afya Duniani huhesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama wa masikio. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Aidha, mara nyingi kinachopandishwa sauti humo ni kisomo cha Qur-ani, ambacho tumeamrishwa kukisikiliza kwa utulivu. Kukishindanisha na kelele, kwa maoni yetu, si katika kukiheshimu. Dereva naye hasikii honi ya anayetaka kumpita.

Kwa wazazi, tunaongeza jambo moja ambalo si la kelele. Katika misafara ya harusi tumeona watoto wakisimamishwa kitini, vichwa na mabega nje ya paa, huku watu wazima wakipiga vigelegele. Breki moja ya ghafla inatosha kumvunja mtoto mbavu kwenye ukingo wa bati, au kumtupa barabarani. Mtoto na akae kitini, amefungwa mkanda.

Na kwa kuwa Ujiji ni mji wa miembe, mwenye kuegesha gari chini ya mti akague pembe za tundu kabla mvua hazijaanza. Katika pembe hizo mna vijitundu vya kupitishia maji, na jani bovu moja huviziba, maji yakashukia vitini. Mimina kikombe kimoja cha maji taratibu kwenye kila pembe, kisha uchungulie chini ya gari. Yasipodondoka, muite fundi, na umwambie asisukume waya mgumu ndani, kwani mipira ile huchomoka upesi.