Je, Wajua? Kibofu cha Mbwa Hupona Upesi Kuliko Ngozi Yake

Mbwa akipasuliwa kibofu ili kutolewa mawe, ukuta wa kibofu hurudisha karibu nguvu zake zote ndani ya siku 14 hadi 21. Kwa muda huo ngozi ya tumbo bado iko mbali. Ndiyo maana daktari wa mifugo hushona kibofu kwa uzi unaoyeyuka wenyewe; isitoshe, uzi wa kudumu ukichungulia ndani, madini ya mkojo huugandia na kuanza jiwe jipya!

Katika upasuaji wa kawaida wa kibofu tumbo hufunguliwa na fundo la uzi hufungwa kwa mkono. Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha kamera na vifaa vyembamba, mara nyingi vya milimita 5, hupenyezwa. Hapo kufunga fundo ni kazi kwelikweli: mkono ukienda kulia, ncha ya kifaa huenda kushoto. Baadhi ya madaktari hutumia uzi wenye miiba midogo, usiohitaji fundo. Wengine, na si wajinga, hukivuta kibofu hadi kwenye tundu na kukishona nje kwa mkono, kama zamani.