Kopo la Saruji na Gunia la Sukari

Lori la sukari likishushwa Suq Mugdi mjini Garissa, utamwona hamali mwenye mikono myembamba akijitwika gunia la kilo 50, alipeleke dukani, arudi kwa jingine. Jioni, nyuma ya nyumba, vijana huinua vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Vifua vimetuna, fulana zinabana. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, yule mzee hana mwili, mbona ananishinda?"

Jibu liko kwenye neva zaidi kuliko kwenye nyama. Nyuzi za msuli hupokea amri ya ubongo kundi kwa kundi, na asiyezoea mzigo mzito hawezi kuyaamsha makundi yote kwa pamoja. Ndiyo maana anayeanza mazoezi huongeza uzito anaoinua wiki za mwanzo, kabla fundi cherehani hajaona tofauti yoyote kifuani. Watafiti Moritani na deVries walilionyesha hilo mwaka 1979. Wala mwili mdogo si kizuizi: kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mturuki Naim Süleymanoğlu, aliyeshindana katika daraja la kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa.

Anayetafuta nguvu basi ainue uzito mkubwa, mara 1 hadi 5, kisha apumzike dakika 3 hadi 5. Vijana wetu huharibu hapa. Hupumzika nusu dakika, wakidhani kuhema ndiyo kazi yenyewe.

Ukubwa wa msuli una uhuru zaidi. Uzito wa kuinua mara 6 hadi 12 unafaa, hata wa mara 25, mradi zile za mwisho zitoke kwa taabu na kila msuli upate kama seti 10 kwa wiki. Kisha sahani. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 96 za protini kwa siku. Lita moja ya maziwa ya ngamia ina kama 30, nyama na maharagwe vikamalizia. Kununua unga wa makopo katika mji wenye soko la mifugo kama letu ni jambo lisiloniingia akilini.

Hamali naye hatanuki kwa sababu gunia lake ni kilo 50 leo na kilo 50 mwakani, na chakula chake chote huishia kwenye safari za kutoka lorini hadi dukani. Isitoshe, nguvu zake ni za kazi yake: mgongo umejua gunia likae wapi, miguu imejua hatua. Mlaze kwenye benchi asukume chuma kwa kifua, kijana atamshinda. Tena msuli mkubwa ukifunzwa mizigo mizito hufika mbali kuliko mdogo, kwa hiyo jasho la kijana halikupotea.

Mwezi wa Ramadhani punguza seti, usipunguze uzito, na fanya baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Nguvu hubaki kwa mazoezi machache.

Kijana yule nilimwambia apunguze marudio, aongeze saruji. Akasema kopo limejaa. Nikamwambia atafute debe.